Konteina haisomi mawazo yako
Wengi wanaoanza kuandika programu huamini kwamba bila konteina (zana inayounda na kuunganisha sehemu za programu) hakuna udungaji wa vitegemezi (dependency injection), yaani kuipa sehemu ya programu vitu inavyovihitaji kutoka nje. Sivyo. Klasi (kiolezo cha kuundia vitu vya programu) iitwayo Malipo ikipokea kitu cha kutuma barua pepe kupitia konstrakta (sehemu ya klasi inayoendeshwa kitu chake kinapoundwa), badala ya kujiundia yenyewe, udungaji umeshafanyika. (Jina la dependency injection lilienezwa na makala ya mtaalamu wa programu Martin Fowler ya 2004.)

Konteina huleta uotomatiki tu: husoma aina zilizotajwa kwenye konstrakta, huunda kila kitegemezi pamoja na vitegemezi vyake, kisha hukabidhi Malipo iliyokamilika. Lakini ukitaja intafesi Mtumaji (orodha ya kazi zinazotakiwa, bila utekelezaji wake) bila kusajili klasi inayoitekeleza, konteina itagoma, haiwezi kukisia. Mradi ukiwa na klasi kumi hivi, mimi huziunganisha kwa mkono kwenye faili la kuanzishia programu.