Metformini haiui mafigo

Hakuna wiki inayopita katika kliniki yetu ya sukari, hapa Chake Chake, bila mtu kukaa kitini na kuniambia: "Daktari, vile vidonge nimeviacha. Naambiwa vinaua mafigo." Kaambiwa na nani? Na jirani, na shemeji, na sauti iliyorushwa kwenye kundi la WhatsApp. Vidonge vyenyewe ni metformini, dawa ya kisukari. Akipimwa, sukari ya asubuhi kabla hajala inasoma 15 au 16 (mmol/L), juu mno, na nyayo zimeshaanza kufa ganzi. Imani hii inanikera kuliko nyengine zote, maana inamtoa mtu kwenye dawa inayomlinda na kumwacha na maradhi yanayomla.

Ini hutengeneza sukari na kuimwaga kwenye damu, hata usiku tumelala. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, ini hilo hupitiliza. Metformini hulizuia lisipitilize, hufanya mwili uitikie insulini (homoni inayoshusha sukari) vizuri zaidi, na ina kazi yake pia kwenye utumbo. Ikishamaliza haivunjwivunjwi na ini. Hutoka kama ilivyo, kwa mkojo. Mafigo ndiyo mlango wake wa kutokea. Mlango ukiwa mzima, dawa inapita bila kuukwaruza. Ukiziba kwa sababu nyengine, dawa inajikusanya ndani, na hapo ndipo asidi ya laktiki inapoweza kupanda kwenye damu. Ni jambo la nadra, lakini likitokea linaua.

Ndiyo maana tunapima kreatinini, taka ya damu inayotolewa na mafigo, na kupiga hesabu ya uchujaji wa mafigo, yaani mililita wanazochuja kwa dakika. Uchujaji ukiwa 45 au zaidi, dawa inaendelea. Ukiwa kati ya 30 na 45, tunapunguza dozi, mara nyingi kwa nusu, na mgonjwa mpya hatumwanzishii. Ukishuka chini ya 30, tunaisimamisha.

Sasa watu huiona ile hatua ya mwisho peke yake. Mzee fulani alikuwa akimeza metformini miaka mingi, mafigo yakafeli, daktari akamwondolea dawa. Mtaa mzima ukahitimisha: kumbe ilikuwa dawa! Hakuna aliyeuliza sukari yake ilikuwaje miaka hiyo yote, wala presha. Sukari iliyoachwa juu huharibu vichujio vya figo kidogo kidogo, bila maumivu, na presha ikiongezeka juu yake kazi inakwenda mbio. Dawa iliondolewa kwa sababu mafigo yameshakufa. Haikuyaua.

Hofu hii ina chanzo pia katika historia. Palikuwa na dawa ya ukoo mmoja na metformini, fenformini, iliyoondolewa katika nchi nyingi miaka ya 1970 kwa sababu ya hiyo hiyo asidi. Metformini ikabeba jina baya la ndugu yake. Ilikuwa ikitumika Ufaransa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini Marekani hawakuiruhusu mpaka 1994. Mwaka 1998 utafiti mkubwa wa Uingereza ukaonesha kwamba wagonjwa wanene walioanzishwa metformini walipata mshtuko wa moyo kwa uchache, na waliokufa walikuwa wachache, kuliko walioachiwa kufuata chakula peke yake.

Kinachoniumiza zaidi ni hiki. Mtu anayeikataa metformini kwa kuyaonea huruma mafigo yake, ukimwambia afungue mkoba unakuta diklofenaki, dawa ya maumivu. Anaimeza kila siku kwa ajili ya magoti, kaipata duka la dawa bila cheti, na hajui kama hiyo ndiyo inayoyapunguzia mafigo damu. Kwa hiyo siku ya kliniki njoo na dawa zako zote ndani ya mfuko: za hospitali, za dukani, za mitishamba, hata ile uliyopewa na dada yako. Nalirudia hili mpaka wauguzi wananicheka, na sitoliacha. Na mara moja kwa mwaka dai kupimwa kreatinini, na mkojo uangaliwe kama unapitisha protini.

Wengine huiacha kwa sababu ya tumbo. Kuharisha na kichefuchefu ni kweli vipo, hasa wiki za mwanzo. Meza katikati ya chakula, anza na miligramu 500 na upande taratibu. Ikishindikana, kuna vidonge vinavyoyeyuka polepole, ila hivyo usivisage wala kuvitafuna.

"Si nimeshameza, basi halua haina neno." Ina neno. Hakuna kidonge kinachobeba kisahani cha halua na kahawa kila jioni.

Mlonge, shubiri, mdalasini: ukipenda tumia jikoni, lakini usivibadilishe na dawa.

Wapo wanaosema dawa inapunguza nguvu za kiume: kinachozipunguza ni sukari yenyewe, kwa kuharibu mishipa ya damu na ya fahamu. Rudi kwenye dawa, na useme kliniki bila haya.

Lipo moja ambalo dawa hii inalaumiwa kwa haki, na halisemwi mitaani. Ukiitumia miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12, na dalili zake, ganzi na kuchomachoma miguuni, hufanana na madhara ya sukari. Mwambie daktari akuangalie. Na ukipata homa yenye kutapika au kuharisha sana, isimamishe mpaka uweze kula na kunywa, halafu njoo uonekane.

Mwezi wa Ramadhani wengi huacha dawa zote kwa kuogopa sukari kushuka. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi, kwani hailisukumi kongosho kutoa insulini. Glibenklamidi, dawa nyengine ya sukari, ndiyo inayolisukuma. Hiyo, na insulini, lazima zipangwe upya na daktari kabla ya mfungo. Anayemeza metformini mara mbili atameza wakati wa futari na wakati wa daku. Anayemeza mara tatu, dozi ya asubuhi huenda daku, na ya mchana huunganishwa na ya jioni baada ya kufuturu. Njoo Shaabani, usisubiri mwezi uandame.