Mtoto Akinywa Mafuta ya Taa, Usimtapishe

Swali: Daktari, densiti ni nini, na inamhusu vipi mwanangu?

Ni uzito wa kitu ukigawanywa kwa ujazo wake. Lita moja ya maji ina uzito wa karibu kilo 1. Lita ya mafuta ya taa ni kama gramu 800 tu. Ndiyo maana mafuta huelea juu ya maji. Na tumboni mwa mtoto ni vivyo hivyo.

Swali: Nikimnywesha maziwa mengi, si yatazimua?

Hayazimui. Mafuta ya taa hayachanganyiki na maziwa wala maji. Unamjaza tumbo tu na mafuta yanabaki juu, tayari kutangulia akitapika. Tena ni mepesi kutiririka: mtoto akipaliwa nayo kidogo tu, yanapenya hadi mapafuni na kuyachoma. Hatari kubwa haiko tumboni, iko mapafuni.

Swali: Bibi yake anasema atiwe kidole kooni.

Hapana. Bibi tunamheshimu, lakini hapana. Wala maji ya chumvi, wala yai bichi, wala uto. Tunaletewa watoto wanaohema kwa shida, na ukiuliza unaambiwa, "Tulishamtapisha." Msiwatapishe!

Swali: Alikohoa kidogo, sasa anacheza. Ningoje asubuhi?

Usingoje. Kule kukohoa ndiko kunakotutia wasiwasi, maana huenda mafuta yameshaingia njia ya hewa. Kifua chaweza kubana saa kadhaa baadaye, ndiyo maana hospitalini tunamwangalia kwa angalau saa 6. Mko vijijini kisiwani Lamu, Matondoni au Kipungani? Tafuteni boti usiku huo huo. Mvue nguo zilizorowa mafuta, muoshe ngozi kwa sabuni, mkalishe wima, chukua na ile chupa, mje. Akihema mbiombio, mbavu zikibonyea ndani au akisinzia ovyo, hata dakika moja usipoteze.

Swali: Chupa ya soda ndiyo niliyonayo. Niyaweke wapi mafuta?

Mama yangu, hili tumelisema mpaka tumechoka. Mtoto wa miaka 2 ametoka juani na kiu, anaona chupa ya soda chini ya meza. Atajuaje kuwa si soda? Yatie kwenye dumu lenye kifuniko cha kukaza, juu asipofika.

Swali: Na jiko la mafuta likishika moto?

Usimwage maji. Mafuta yatapanda juu ya maji na kutambaa nayo sakafuni yakiwaka. Mwagia mchanga.