Fisi si msubiri makombo

Asubuhi ndani ya kreta ya Ngorongoro, watalii wakikuta simba wanakula pundamilia huku fisi wamezunguka, wengi husema papo hapo: wavivu hao, wanasubiri makombo. Mara nyingi ni kinyume chake. Miaka ya 1960 mtafiti Hans Kruuk aliwafuatilia fisi madoa usiku, humo kreta na Serengeti, akakuta sehemu kubwa ya chakula chao huwinda wenyewe. Simba husikia kelele, huja, huwapora. Gari hufika kumeshapambazuka, uporaji umekwisha. Mtazame fisi vizuri: manyoya yakiwa na damu mbichi hadi shingoni, huenda ndiye aliyetangulia kula. Mizoga anaila pia, ni kweli. Hata simba anaila, ila yeye hakuna anayemcheka.