Anza na kisichong'aa: kukagua noti na nyaraka kwa taa ya urujuanimno

Karani wa fedha anayekabidhiwa taa ya urujuanimno kwa mara ya kwanza karibu kila mara huuliza swali lile lile: noti halali hung'aa vipi? Katika mafunzo ninayowapa makarani wa benki na wa maduka ya kubadilishia fedha, hulipangua swali hilo mapema, kwa sababu jambo la kwanza la kutazamwa chini ya taa ni kile kisichong'aa. Karatasi ya noti halali, iwe ya dola ya Marekani au ya euro, hubaki na giza, na ni juu ya giza hilo ndipo uzi, vinyuzi na wino vilivyokusudiwa hujitokeza kwa rangi zake. Karani asiyelizoea giza hilo anaweza kuipokea noti bandia kwa moyo mweupe, kwa kuwa noti bandia nyingi hung'aa kupita halali.

Miale ya urujuanimno haionekani kwa jicho. Taa nzuri za kukagulia noti hutoa miale yenye urefu wa wimbi wa nanometa 365 hivi, nje kidogo ya mpaka wa rangi ya zambarau ambayo jicho bado linaiona. Kemikali fulani huimeza miale hiyo na papo hapo kuitoa nishati yake ikiwa mwanga wa kawaida wenye wimbi refu zaidi, yaani bluu, kijani, njano au nyekundu, kutegemea kemikali yenyewe. George Gabriel Stokes aliyaeleza hayo kitaalamu mwaka 1852, na mwanzoni mwa karne ya 20 Mmarekani Robert Williams Wood akatengeneza kioo cheusi chenye oksidi ya nikeli, kinachozuia mwanga unaoonekana na kupitisha urujuanimno. Kimsingi kazi yetu haijabadilika sana tangu hapo: tunaizuia nuru ya kawaida, tunaiangazia karatasi, kisha tunasoma inachojibu.

Karatasi ya ofisini hujibu kwa kelele. Hutengenezwa kwa nyuzi za mbao, na ili ionekane nyeupe kabisa viwanda huitia kemikali za kung'arisha, nyingi zikiwa za ukoo wa stilibeni, ambazo humeza urujuanimno na kutoa mwanga wa bluu. Kemikali za ukoo huo huo zimo katika sabuni ya unga, ndiyo maana kanzu nyeupe iliyofuliwa vizuri huwaka kama taa ukumbini inapopigwa na miale hiyo. Karatasi ya noti haitiwi kemikali hizo. Ile ya dola ni mchanganyiko wa asilimia 75 ya pamba na asilimia 25 ya kitani, na ile ya euro ni pamba tupu. Mtu aliyechapa noti kwa printa ya rangi juu ya karatasi ya dukani hujifichua kabla hujafika kwenye picha wala namba, kwa sababu noti yote huwaka samawati kutoka pembe hadi pembe.

Laiti matapeli wote wangefanya hivyo, kazi ingekuwa nyepesi. Aina inayonipa wasiwasi zaidi ni ile ambayo karatasi yake ni halali. Mhalifu huichukua noti ya dola 5, huifuta wino wake kwa kemikali, kisha huichapa upya kama noti ya dola 100, kwa kuwa noti zote za dola zina ukubwa mmoja. Noti hiyo ukiipapasa, vidole vinakubali. Ukiichora kwa ile kalamu ya iodini inayouzwa madukani, inapita, kwa sababu iodini hutafuta wanga uliomo katika karatasi za kawaida, na karatasi ya dola haina wanga huo. Ukiiweka chini ya taa, karatasi inabaki na giza kama inavyopaswa. Chini ya taa hiyo, ni uzi tu unaosema kweli.

Tangu toleo la 1996, uzi wa usalama uliofumbatwa ndani ya karatasi ya dola umetengenezwa ung'ae, na kila thamani ina rangi yake: dola 5 bluu, dola 10 rangi ya machungwa, dola 20 kijani, dola 50 njano, na dola 100 waridi. Noti za dola 1 na 2 hazina uzi. Kwa hiyo noti iliyoandikwa 100 huku uzi wake ukiwaka bluu imeanza maisha yake kama dola 5, hata ingechapwa kwa ustadi gani. Mahali pa uzi nako pana habari. Katika dola 100 uzi uko kushoto kwa picha ya Benjamin Franklin. Katika dola 5 za zamani nao ulikuwa kushoto kwa picha, jambo lililomrahisishia kazi mhalifu, lakini katika dola 5 zilizoanza kutumika Machi 2008 Wamarekani waliuhamishia kulia, na alama maji (picha iliyomo ndani ya karatasi, inayoonekana noti ikiinuliwa kwenye mwanga) ya sura ya Abraham Lincoln ikaondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na tarakimu 5. Mabadiliko hayo yalikusudiwa kuuziba mwanya huu. Hata hivyo dola 5 za zamani bado ni fedha halali na bado zinazunguka, kwa hiyo karani asitosheke kwamba uzi upo na uko upande wake. Autazame rangi, kisha aiinue noti kwenye mwanga wa dirisha asome maandishi madogo yaliyo ndani ya uzi. Kwenye dola 100 atasoma USA 100, na kwenye dola 5 atasoma USA FIVE ikiwa ni ya zamani, au USA 5 ikiwa ni mpya.

Hapa niseme neno kuhusu desturi ya maduka mengi ya kubadilishia fedha ya Afrika Mashariki, ya kuzikataa dola zilizochapwa kabla ya 2006 au kuzinunua kwa bei ya chini. Serikali ya Marekani haijazifuta noti hizo, na mtu aliyehifadhi akiba yake kwa dola za miaka ya 1980 hana hatia yoyote. Ila naelewa hofu ya mwenye duka. Noti zilizotangulia toleo la 1990 hazina uzi kabisa, na uzi wa toleo lile la 1990 haukutengenezwa ung'ae, kwa hiyo chini ya taa noti kama hizo hazisemi lolote zaidi ya aina ya karatasi. Kinachotakiwa hapo ni lenzi, mwanga wa pembeni na mtu anayezijua chapa za zamani, na si kumfukuza mteja kwa sababu mashine imenyamaza.

Lipo pia kosa la upande wa pili, nalo huwaumiza watu wasio na hatia. Noti halali iliyosahaulika mfukoni na kufuliwa pamoja na nguo hunywa kemikali za sabuni ya unga, na chini ya taa huanza kung'aa. Mng'ao wake hauko sawasawa. Huonekana mawingumawingu, mkali zaidi kwenye mikunjo na pembeni ambako nyuzi zimelegea, na hafifu penye wino mzito, tofauti na mng'ao wa karatasi ya printa ambao umetandaa bila mabaka. Vilevile uzi wa noti iliyofuliwa hubaki na rangi yake, na maandishi yaliyoinuka bado husikika kwa ukucha. Mwanamke anayeuza samaki na kuleta noti iliyopita kwenye beseni la sabuni anastahili karani anayejua kuitofautisha noti yake na ya tapeli.

Kwa upande wa euro, taa ina mengi zaidi ya kuonyesha. Katika noti za mfululizo wa Europa, ulioanza na euro 5 tarehe 2 Mei 2013 na kukamilika kwa euro 100 na 200 tarehe 28 Mei 2019, karatasi hubaki na giza huku vinyuzi vidogo vikitawanyika humo, kila kimoja kikiwa na rangi tatu. Nyota za bendera ya Umoja wa Ulaya huwaka njano, na nyuma ya noti namba ya mfululizo iliyolala huwaka nyekundu. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht walichunguza mng'ao wa noti za kwanza za euro na wakaona kwamba wekundu wake unalingana na ule wa elementi iitwayo europiamu, ambayo ilipewa jina la bara lenyewe tangu mwaka 1901. Benki Kuu ya Ulaya imeongeza pia kipimo cha pili: sehemu fulani za noti mpya huonekana njano zinapopigwa na urujuanimno wa mawimbi mafupi, wa nanometa 254. Tapeli anayenunua wino wa kung'aa sokoni huweza kuiga jibu la wimbi moja, lakini kuyaiga majibu mawili tofauti katika noti moja ni kazi nyingine kabisa. Taa hiyo ya mawimbi mafupi isichezewe. Huunguza konea ya jicho na ngozi, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, wakati mtu amekwisha sahau alichofanya, kwa hiyo itumike ndani ya kisanduku chake na kwa miwani ya kinga.

Kuhusu shilingi, Benki Kuu ya Tanzania na ile ya Kenya huuelekeza umma kwanza kwenye vidole na macho: kupapasa chapa iliyoinuka, kuiinua noti kwenye mwanga ili kuona alama maji na uzi, na kuigeuzageuza ili kuona rangi zinazobadilika. Naunga mkono mpangilio huo. Muuzaji wa sokoni hana chumba chenye giza.

Na giza lenyewe ni sharti ambalo wengi hulipuuza. Tochi nyingi za bei nafuu hutoa wimbi la nanometa 395 au karibu na hapo, pamoja na mwanga mwingi wa zambarau unaoonekana. Karatasi yoyote nyeupe ikimulikwa kwa tochi hiyo huonekana ya zambarau, na mng'ao hafifu wa uzi humezwa. Anayenunua vifaa vya kaunta aulize nanometa ngapi, achague 365 yenye kichujio cheusi, aiweke mahali pasipopigwa na jua, na noti ailaze juu ya kitambaa cheusi, wala si juu ya karatasi nyeupe itakayomrudishia mng'ao wake. Jambo linalosaidia kuliko yote ni kuwa na noti iliyothibitishwa ya thamani ile ile ya kulinganishia. Jicho lina kumbukumbu mbaya ya rangi, lakini ni hodari sana wa kuona tofauti kati ya vitu viwili vilivyolala kandokando.

Nyaraka husomwa kwa njia hiyo hiyo, ila maswali ni mengine. Chukua hati ya mauziano ya kiwanja ambayo mwaka wake umebadilishwa. Kwa macho, tarakimu ya mwisho inaonekana nyeusi zaidi kidogo, basi. Chini ya taa, karatasi yote inawaka samawati isipokuwa doa moja lenye kingo za mviringo kuizunguka tarakimu ile, mahali ambapo kemikali ya kufutia ilidondoshwa ikaua kemikali za kung'arisha zilizokuwemo katika karatasi. Wakati mwingine ndani ya doa hilo mabaki ya wino wa awali hujichora, na tarakimu iliyofutwa husomeka. Ukurasa wa katikati uliobadilishwa katika mkataba nao hujitokeza kwa kung'aa tofauti na wenzake, kwa kuwa umetoka katika rimu nyingine, ingawa tofauti hiyo peke yake haithibitishi udanganyifu, maana hata karani mwaminifu huweza kuishiwa karatasi katikati ya kazi.

Kesi inayoonyesha vizuri nguvu ya kipimo hiki ilitokea Ujerumani. Mwezi Aprili 1983 jarida la Stern lilitangaza kwamba limepata shajara za Adolf Hitler, zilizonunuliwa kwa marki milioni 9.3 hivi. Wataalamu wa mwandiko walikuwa wamelinganisha na kuridhika, bila kujua kwamba baadhi ya sampuli walizopewa za kulinganishia zilitoka kwenye mkono ule ule wa mghushi, Konrad Kujau. Karatasi haikudanganyika. Tarehe 6 Mei mwaka huo Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho ilitangaza kuwa shajara ni za kughushi, na miongoni mwa ushahidi ilikuwa mng'ao wa karatasi chini ya urujuanimno: ilikuwa na kemikali ya kung'arisha ambayo haikuanza kutiwa katika karatasi hadi miaka ya 1950, ilhali Hitler alikufa mwaka 1945. Mchunguzi yeyote anayeletewa barua au hati inayodaiwa kuwa ya miaka ya 1930 anaweza kukifanya kipimo hicho kwa dakika moja. Karatasi ikiwaka samawati, hadithi ya umri wake imekwisha. Ikibaki na giza, hilo halithibitishi umri, kwa sababu karatasi zisizo na kemikali hizo hutengenezwa hata leo.

Kuna mambo ambayo taa haiwezi kuyaona, na wanaoiuza hawayasemi. Uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma Tanzania, ambao taarifa yake ilikabidhiwa Dodoma mwezi Aprili 2017 na kutaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, ulitegemea kulinganisha vyeti na kumbukumbu za Baraza la Mitihani la Taifa. Taa ingeona karatasi na wino. Isingeona kama mtihani ulifanywa. Kadhalika pasipoti halali mikononi mwa asiye mwenyewe itatoa kila mng'ao uliotakiwa, kwa sababu mwongozo namba 9303 wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga huzishauri nchi zitumie karatasi isiyong'aa na wino unaong'aa, lakini sura ya msafiri hulinganishwa na picha na ofisa aliye dirishani.

Ndiyo maana ripoti ninazowafundisha makarani kuandika hazina neno bandia katika mstari wa kwanza. Huandika thamani na namba ya noti, aina ya taa na wimbi lake, kisha walichokiona kwa mpangilio: karatasi imebaki na giza au imeng'aa, na kama imeng'aa ni sawasawa au kwa mabaka, uzi upo au haupo, uko upande gani, umewaka rangi gani, una maandishi gani, alama maji ni ya sura au ya tarakimu. Mtu wa pili anayeisoma ripoti hiyo, awe polisi au mchunguzi wa benki kuu, anaweza kuwasha taa yake na kukagua kila kipengele upya, bila kulazimika kuliamini jicho la karani aliyetangulia.