Kali kwenye flashi: kabla hujaiaminia kazi ya mteja

Juzi dogo mmoja ninayemfundisha kanitumia meseji saa tano usiku: "Kaka flashi yangu ina shida, nimeweka Kali nikapiga kazi masaa matatu, nimezima nimewasha hamna kitu, hata paswedi ya waifai imeniuliza upya." Nikacheka maana na mimi enzi zangu nilishawahi kuitupia flashi lawama hizohizo. Flashi yake nzima kabisa. Inafanya ilichoandikiwa kufanya.

Kali ni Linux ya watu wanaopima usalama wa kompyuta na mitandao. Ukiiweka kwenye flashi kama ilivyo, ule mfumo wote umefungwa ndani ya faili moja kubwa lililobanwa ambalo linasomwa tu, haliandikwi. Kila utakachobadilisha ukiwa umeiwasha, iwe faili, iwe programu uliyoongeza, iwe paswedi ya waifai, kinakaa kwenye RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na RAM ukizima imekwisha. Ni kama chumba cha gesti, unafika unatawanya nguo zako unasogeza meza, ukishatoka mhudumu anabadili mashuka na anayekuja baada yako anakuta chumba hakijawahi kulaliwa na mtu. Kwa baadhi ya kazi zetu hiyo ndo raha yenyewe. Ila kama unataka kurudi kesho ukute begi lako pale ulipoliacha lazima utengeneze sehemu ya kuhifadhi, wenyewe wanaiita persistence, na hapo ndo watu wengi wanakwama, na kukwama kwenyewe mara nyingi kumeanzia mbali, kumeanzia dukani.

Tuanze na flashi basi. Pale Kariakoo utaoneshwa flashi ya tera moja kwa bei ambayo haikununulii hata GB 64 ya kueleweka. Usichukue. Zile flashi ndani zina chipu ndogo, tuseme GB 8 au 16, ila kidhibiti chake kimechezewa ili kiidanganye kompyuta kwamba nafasi ni kubwa. Ukiandika kupita uwezo wake halisi data inapotea kimyakimya au inaandikwa juu ya nyingine bila kukupa kosa lolote. Sasa angalia huu mtego: Kali yenyewe inakaa mwanzoni mwa flashi, GB chache tu, kwa hiyo itaandikwa vizuri na itawaka vizuri na utaisifia. Sehemu yako ya kuhifadhi inakaa baada ya hapo, kule kwenye nafasi hewa. Wiki ya pili mafaili yanaanza kuoza na wewe unamlaumu Kali. Ukiwa na Windows ijaribu kwanza na H2testw, kwenye Linux kuna F3:

sudo f3probe --destructive --time-ops /dev/sdX

(Hiyo X ni herufi ya flashi yako, nitaieleza mbele. Na neno destructive lipo pale kwa sababu, usiijaribu flashi yenye picha za mtoto.) GB 32 ya kweli inatosha kabisa, ya USB 3 kama mfuko unaruhusu, maana zile za bei ya chini zinaandika taratibu mpaka unaweza kwenda kununua chapati ukarudi.

Upande wa faili la kushusha, yaani ISO, mfumo mzima ndani ya faili moja. Kali inatolewa kwa sura nyingi na ukikosea hapa utapoteza bando bure. Installer ni ya kuweka kwenye diski ya kompyuta moja kwa moja, haiwaki kutoka kwenye flashi ukaitumia papo hapo. Unayotaka imeandikwa Live. Ishushe kwa torenti kama intaneti yako ni ya kukatikakatika, kwa sababu inaendelea ilipoishia na inajikagua yenyewe kipande kwa kipande. Mimi huwa naiachia bando la usiku nalala.

Ikishaisha ikague, na hapa nataka niseme kitu ambacho watu wanakichanganya sana. Ile namba ndefu ya SHA256, inayokokotolewa kutokana na faili lenyewe, inakuambia faili limefika salama, basi. Haikuambii limetoka kwa nani. Mwezi wa pili 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint wakabadilisha linki, watu wakawa wanashusha Mint yenye mlango wa nyuma ndani, na mtu akishaishika tovuti hakuna kinachomzuia kubadilisha na zile namba zilizoandikwa palepale. Ndo maana Kali pembeni ya faili la SHA256SUMS wanaweka na lingine linaloishia na .gpg, ile ni saini. Unahakiki saini kwanza, afu ndo unahakiki namba:

gpg --verify SHA256SUMS.gpg SHA256SUMS
sha256sum -c SHA256SUMS --ignore-missing

Kwenye Windows namba utaipata kwa certutil -hashfile, unaandika jina la faili mbele yake na neno SHA256 mwishoni. Mtu anayejiita wa usalama halafu anawasha kompyuta ya mteja kwa ISO aliyoipata kwenye grupu la Telegram, aisee, mimi kazi simpi.

Halafu usitumie flashi uliyoitengeneza miaka mitatu iliyopita ukashangaa inagoma. Mwezi wa nne 2025 Kali wenyewe walipoteza ufunguo waliokuwa wanasainia hazina yao ya programu, ikabidi watoe mpya, kwa hiyo kila mwenye ya zamani akipiga apt update (amri ya kusasisha orodha ya programu) anakula makosa ya saini. Unaweza kushusha ufunguo mpya kwa mkono lakini kwa flashi mimi naona rahisi zaidi kuiandika upya tu.

Kuandika sasa. Kwanza sio kunakili na kubandika, nimeona mtu kaweka faili la ISO ndani ya flashi kama wimbo afu anashangaa kompyuta haiioni. Windows tumia balenaEtcher, au Rufus, ila Rufus itakuuliza uandike kwa mtindo wa ISO au wa DD, chagua DD, kwa sababu mtindo wa ISO unaipanga flashi kivyake na maelekezo ya kuhifadhi huko mbele hayatalingana. Ukimaliza Windows inaweza kukuambia flashi inahitaji kufomatiwa. Kataa! Haijafa, Windows haielewi tu kilichomo.

Kwenye Linux ni amri ya dd na dd haina huruma, haikuulizi mara mbili. Maelekezo mengi mtandaoni yameandika sdb na watu wananakili hivohivo. Laptopu nyingi za sasa diski ya ndani inaitwa nvme0n1 kwa hiyo flashi inakuwa sda, za zamani sda ndo diski yako yenyewe, na kama umechomeka diski ya nje basi sdb inaweza kuwa ndo ile. Mshkaji wangu aliandika Kali juu ya diski ya nje yenye picha za harusi ya dada yake, dakika mbili tu, na wiki nzima baadae tukawa tunaokota vipande. Kwa hiyo: piga lsblk (inaorodhesha diski zote) kabla hujachomeka flashi, chomeka, piga lsblk tena, kilichoongezeka ndo chenyewe, na ukubwa wake ulingane na unachokijua. Ndo unaandika:

sudo dd if=kali-live.iso of=/dev/sdX bs=4M conv=fsync status=progress

Jina la faili weka lako. X bila namba mbele yake, sdX sio sdX1. Na hiyo conv=fsync usiifute, bila hiyo dd itakuambia imemaliza wakati data nusu bado ipo kwenye RAM inasubiri foleni, wewe unachomoa, flashi inawaka nusu inaganda, unaandika upya mara tatu bila kujua kosa liko wapi.

Kuwasha. Zima Secure Boot, ule ulinzi unaokataa kuwasha mfumo usio na saini inayoitambua, kwenye mipangilio ya BIOS kwa sababu keneli ya Kali (kiini cha mfumo) haijasainiwa kwa ajili yake. Lakini subiri kwanza! Kama Windows ya hiyo mashine imefungwa na BitLocker, kufuli lake la diski, ukishagusa Secure Boot ikirudi itadai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, na kama ni laptopu ya ofisi ufunguo huo yuko nao mtu wa IT ambaye Ijumaa jioni hapokei simu. Simamisha BitLocker kwanza, au uwe na zile tarakimu mkononi. Menyu ya kuwasha ni F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP. Jina la kuingilia ni kali na paswedi ni kali, imekuwa hivyo tangu 2020, zamani ilikuwa root na toor. (Na ndio, kila mteja Mswahili ananiuliza kama kuna Linux nyingine ambayo sio kali.)

Sasa begi la gesti. Baada ya kuandika flashi inakuwa na patisheni (yaani vigawanyo) mbili na nafasi tupu, tunatengeneza ya tatu. Fungua sudo fdisk /dev/sdX, bonyeza n, afu p, Enter mara tatu, afu w. Video nyingi zinaishia hapo kwa kuifomati na kuendelea. Mimi sitakuonesha hivyo, na sababu ni hii: miaka kadhaa nyuma nilitoka kwa mteja nimechoka, flashi ipo kwenye mfuko wa shati, nikapanda bajaji, nikafika nyumbani haipo. Ndani kulikuwa na matokeo ya siku nne, ramani ya mtandao wao, paswedi nilizozipata, picha za skrini, kila kitu wazi, yeyote atakayeiokota akiichomeka kwenye Linux yoyote anasoma kama gazeti. Ilibidi nimpigie mteja usiku uleule nimwambie. Ile simu sitaki kuipiga tena. Wakabadilisha paswedi zote na kazi ya pili hawakunipa, na sikuwalaumu.

Kwa hiyo tunaifunga kwa paswedi kwanza:

sudo cryptsetup --verbose --verify-passphrase luksFormat /dev/sdX3
sudo cryptsetup luksOpen /dev/sdX3 flashi
sudo mkfs.ext4 -L persistence /dev/mapper/flashi
sudo mkdir -p /mnt/flashi
sudo mount /dev/mapper/flashi /mnt/flashi
echo "/ union" | sudo tee /mnt/flashi/persistence.conf
sudo umount /mnt/flashi
sudo cryptsetup luksClose flashi

Mstari wa kwanza utakuomba uandike YES kwa herufi kubwa, ukiandika yes ndogo inaachana na wewe. Neno persistence kwenye mstari wa tatu lazima liwe hivohivo, ndo jina ambalo Kali inalitafuta ikiwaka, na lile faili la persistence.conf lenye mkwaju, nafasi na neno union ndo linaiambia kwamba mabadiliko ya mfumo mzima yatandikwe juu ya lile faili lisiloandikika. Ukikosea herufi moja hapo haikupi kosa, inawaka tu kama gesti. Kwenye menyu chagua mstari wenye maneno USB Encrypted persistence, itakuuliza paswedi katikati ya kuwaka, weka, umeingia. Dogo ndo alikuwa anakosea hapa, alikuwa anachagua mstari wa kwanza kila siku kwa sababu upo juu.

Kwenye menyu hiyohiyo utaona na forensic mode, hiyo haigusi diski za ndani yaani haizifungui yenyewe wala haitumii swapu yao (sehemu ya diski inayosaidia RAM), ni ya siku unayochunguza mashine ambayo ushahidi wake hautakiwi kuguswa. Na apt full-upgrade (kusasisha mfumo mzima) kwenye flashi ya hivi usiipige kila wiki, keneli inayowaka inatoka kwenye ile patisheni isiyobadilika kwa hiyo inabaki ya zamani hata ukipakua mpya, unajaza nafasi tu.

Kuhusu ruhusa, nasema mara moja: kuwasha flashi yako kwenye kompyuta isiyo yako bila karatasi yenye saini ya mwenye nayo, Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya wana yao ya 2018, na "nilikuwa najifunza" haitakusaidia polisi.

Saa saba usiku dogo akanitumia picha ya skrini, faili lake la majaribio limebaki. Halafu swali jipya: waifai ya laptopu inaunganisha vizuri ila kusikiliza mawimbi, yaani kunasa data ya waifai inayopita hewani, inagoma. Hapo sio Kali wala flashi, ni chipu ya waifai ya ndani, nyingi hazikubali hiyo kazi, unahitaji adapta ya nje. Kila mtu atakutajia TP-Link TL-WN722N, na wako sahihi ila kwa toleo la kwanza tu lenye chipu ya Atheros AR9271. Kuanzia la pili waliweka chipu ya Realtek, umbo lilelile, na hiyo itakusumbua na madraiva. Angalia toleo kwenye stika kabla hujatoa hela, na kama muuzaji anakuruhusu ichomeke upige lsusb (inaorodhesha vifaa vya USB), ukiona 0cf3:9271 lipia.