Jeni ambazo seli ya saratani haiishi bila hizo: yanayosemwa na ukweli wake

Kila nikikaa na vijana wa biolojia hapa Kampala tukaifungua DepMap, hifadhidata ya Taasisi ya Broad ya Marekani inayoonyesha jeni ambazo seli za saratani zinazihitaji ili ziishi, nasikia makosa yaleyale.

"Jeni ya lazima ndiyo iliyoleta saratani." Sivyo. Watafiti huchukua seli za uvimbe zinazokuzwa maabara, wakatumia CRISPR, zana inayokata DNA kama mkasi, kuharibu jeni moja katika kila seli, kisha hungoja waone zipi zimetoweka. Jeni za kuunda ribosomu, viwanda vya protini vya seli, zikiharibiwa, seli yoyote hufa, hata ya ini lenye afya. Kwenye jedwali la DepMap, 0 maana yake seli haikudhurika. -1 ni kiwango cha jeni ambazo karibu kila seli inazihitaji. Chenye thamani ni jeni inayoangusha saratani fulani tu. WRN ni mfano mzuri: mwaka 2019 watafiti wa Broad na wa Taasisi ya Sanger ya Uingereza walionyesha kwamba seli nyingi ambazo mfumo wake wa kusahihisha makosa ya DNA umeharibika hufa zikiikosa, na nyingine huendelea kuishi. Dawa za kuizuia zingali kwenye majaribio.

"DepMap ni ya wenye fedha." Inapakuliwa bure. Kompyuta ya kawaida na bando vinatosha.

"Afrika imo tayari kwenye hifadhidata." Hapa ndipo ninapoumia. Daktari Denis Burkitt alieleza saratani ya taya za watoto akiwa hospitali ya Mulago hapa Kampala, mwaka 1958. Sampuli kutoka Kampala ndizo zilizowafikisha watafiti Epstein, Achong na Barr kwenye kirusi cha Epstein-Barr, walichokitangaza mwaka 1964. Seli za saratani hiyo ziitwazo Raji, kutoka kwa mtoto wa Nigeria, na za Daudi, kutoka kwa mtoto wa Kenya, zinakuzwa maabara za dunia nzima hadi leo. Mtu akiyajua hayo hudhani tumewakilishwa. Ukweli ni kwamba seli nyingi mno katika hifadhidata hizi zilitoka kwa watu wenye asili ya Ulaya na Asia ya Mashariki.

Tena si suala la idadi tu. Mkasi wa CRISPR huongozwa na kipande cha RNA chenye herufi kama 20, zilizonakiliwa kutoka jenomu ya rejea, yaani DNA ya mfano ambayo watafiti huilinganishia. DNA ya mgonjwa ikitofautiana hata herufi moja mahali hapo, mkasi unaweza kukosa shabaha. Jeni inabaki nzima, seli inaishi, na jedwali linaandika kwamba jeni hiyo haihitajiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba kosa hili huziangukia zaidi seli za watu wenye asili ya Afrika, bara lenye tofauti nyingi za vinasaba kuliko mengine. Kwa hiyo ukikuta 0 kwenye seli ya Mwafrika, linganisha kwanza herufi za kipande hicho cha RNA na DNA ya seli yenyewe. Huenda jeni hiyo haikuguswa kabisa.