Je, wajua? Kwa nini jeti ndogo inayovuka bahari huogopa tundu kuliko injini kuzimika

Muulize mtu yeyote ni balaa gani kubwa inayoweza kuipata jeti ndogo ya biashara, yenye viti vinane na injini mbili, ikiwa katikati ya Bahari ya Pasifiki, naye atakujibu bila kusita kwamba ni injini moja kuzimika. Jibu hilo lina mantiki, ila kwa kawaida silo linaloamua ni mafuta kiasi gani yatiwe kabla ya kuondoka. Kinachoamua mara nyingi ni uwezekano wa ndege kuvuja hewa: kioo kupata ufa, mpira wa mlango kuachia, au mtambo unaosukuma hewa ndani kuharibika, huku injini zote mbili zikiendelea kunguruma kana kwamba hakuna lililotokea.

Dhana ya injini haikuzuka hivi hivi, kwani sheria zenyewe ziliijenga. Mwaka 1953 Marekani iliweka kanuni kwamba ndege ya abiria yenye injini mbili isiende mbali na uwanja kupita mwendo wa dakika 60, na dakika hizo zilipimwa kwa kasi ya injini moja. Mwaka 1985 muda huo uliongezwa hadi dakika 120 kwa ndege zilizokidhi masharti, kisha ukazidi kuongezwa. Kwa kuwa kipimo kilikuwa injini, watu wakazoea kuamini kwamba hatari nayo ni injini. Jeti binafsi isiyouza tiketi haibanwi na kanuni hizo za mashirika, kwa hiyo hesabu ya kweli humwangukia rubani na aliyempangia safari.

Hebu tuitazame injini inapozimika. Iliyobaki haiwezi kuishikilia ndege katika futi 43,000, yaani mita 13,000 hivi, kwa hiyo ndege hushuka polepole hadi futi elfu ishirini na kitu na kutulia hapo. Kasi inapungua, lakini hewa ya huko bado ni nyepesi, na injini iliyo hai inaendelea kuingiza hewa ndani ya ndege, hivyo abiria wanapumua kama kawaida. Masafa yanapungua, tena si kidogo, lakini hayaporomoki.

Ndege inayovuja haina anasa hiyo. Katika futi 43,000, mtu asiye na barakoa ya oksijeni ana kama sekunde 9 hadi 12 za akili timamu, ndiyo maana kanuni za Marekani humtaka rubani mmoja awe amevaa barakoa muda wote ndege inapopita futi 41,000. Oktoba 1999, Learjet 35 iliyombeba mcheza gofu Payne Stewart ilipoteza mgandamizo wa hewa baada ya kuondoka Orlando, ikaruka kwa saa kadhaa bila mtu wa kuiongoza, ikaanguka Dakota Kusini mafuta yalipokwisha. Wachunguzi hawakuweza kubaini kwa nini hewa ilitoka. Ili yasitokee hayo, marubani huvaa barakoa papo hapo na kuishusha ndege kwa kasi hadi futi 10,000, ambako binadamu anaweza kupumua bila msaada. Juu ya bahari hawashuki tu wima pale walipo, kwa sababu huenda ndege nyingine ziko chini yao katika njia ileile: hugeuka angalau nyuzi 30 na kujitenga na njia kwa maili tano za baharini, takriban kilomita 9.

Wakishafika futi 10,000 wamepona, na hapo ndipo tatizo la mafuta linapoanza. Hewa ya huko ni nzito karibu mara tatu na nusu kuliko ile ya futi 43,000. Bawa linahitaji nguvu ileile ya hewa kuibeba ndege, basi katika hewa nzito ndege hubebwa ikiwa katika mwendo mdogo zaidi. Ukinzani wa hewa unabaki uleule na msukumo unaohitajika unabaki uleule, lakini kasi imeshuka hadi kukaribia nusu. Kwa kuwa jeti huchoma mafuta kulingana na msukumo inaoutoa, kila lita sasa inanunua karibu nusu ya kilomita ilizokuwa ikinunua kule juu. Rubani akijaribu kurudisha kasi kwa nguvu ya injini, ukinzani unapanda na hali inakuwa mbaya zaidi.

Chukua safari ya San Francisco, California, hadi Honolulu, Hawaii, takriban kilomita 3,850 zisizo na uwanja hata mmoja katikati. Swali la kwanza la mpangaji ni wapi kurudi na kuendelea kunachukua muda sawa, na hapo si katikati ya njia. Mwendesha baiskeli anayetoka kijiji kimoja kwenda kingine akipambana na upepo wa usoni, akipatwa na tatizo nusu ya njia, atafika nyumbani upesi zaidi akigeuka, kwa kuwa upepo utamsukuma. Lazima awe amepita nusu kwa umbali fulani ndipo kuendelea kulingane na kurudi. Kwa jeti, tuseme inaruka kilomita 800 kwa saa na upepo wa mbele ni kilomita 100 kwa saa. Nukta hiyo itakuwa kilomita 2,166 kutoka California, na nchi kavu iko umbali wa saa 2 na dakika 24 kila upande. Ishushe hadi futi 10,000, mwendo uwe kilomita 520 na upepo 40, nukta inarudi hadi kilomita 2,073, na muda unakuwa saa 3 na dakika 42. Ndiyo maana mpango wa safari huwa na nukta zaidi ya moja: ya injini kuzimika, ya kuvuja hewa, na ya mgonjwa ndani ya ndege nzima isiyo na hitilafu.

Sasa tia mafuta. Jeti yenye masafa ya kilomita 5,000 inaonekana kufika Honolulu na chenji juu. Ikifika kwenye nukta ya kuvuja hewa, kwa sababu ya upepo imekwisha kutumia mafuta ya kama kilomita 2,370 na kubakiwa na ya 2,630. Gawa kwa mbili kwa ajili ya hewa nzito: 1,315. Honolulu iko kilomita 1,777 mbele, upepo ukiwa usoni, na California kilomita 2,073 nyuma. Ndege nzima, injini mbili zinazofanya kazi, na haifiki kokote.

Hizi ni hesabu za kukadiria. Masafa yanayotangazwa na watengenezaji kwa kawaida yamekwisha kutengewa akiba, jambo linalopunguza upungufu. Barafu kwenye mabawa katika mawingu ya chini hufanya kinyume. Katika Atlantiki ya Kaskazini jeti za masafa mafupi hulikwepa tatizo kwa kurukaruka kutoka Goose Bay, Kanada, hadi Greenland, Iceland na kisha Uskoti. Njia ya Hawaii haina mawe ya kukanyagia.

Linalobaki ni oksijeni ya chupa. Wakiwa na ya kutosha, wanaweza kukaa futi 20,000 hivi, ambako lita moja huenda mbali zaidi, badala ya kushuka mpaka chini. Lakini chupa inayowatosha watu wanne kwa saa moja itawatosha wanane kwa nusu saa tu, kisha ni lazima kushuka. Kwa hiyo abiria wa nane aliyealikwa dakika ya mwisho anaweza kuifanya safari isiwezekane, hata kama kiti kipo, tangi limejaa, na mzigo wake ni begi la mkononi.